Mama Nukta na Insha ya Ukuta

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kusahihisha insha za watoto wa watu, Mama Nukta anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Jina lake la kwenye orodha ya mishahara tunalijua, ila halijawahi kumkaa kama hili tulilompa wenyewe, kwa jinsi alivyoiwinda nukta iliyokosekana hadi ukurasa wa mwisho.

Alianza kama mwalimu wa darasa la nne, akaja kwenye ukumbi wetu wa usahihishaji kwa kibarua cha likizo moja, akabaki. Alipanda hadi kuwa kiongozi wa jopo la insha, yaani mtu anayezipitia upya karatasi ambazo sisi tumekwisha kuzitia alama. Wasahihishaji wapya walimwogopa. Alivaa viatu vya mpira, humsikii akija. Unashtukia kivuli juu ya meza yako, na bunda linarudishwa likiwa na neno moja tu juu: Soma. Mumewe, dereva wa lori, aliwahi kutuambia kwamba alimposa kwa mdomo kwa sababu barua asingethubutu.

Lakini wasifu huu ungekuwa uongo kama ungemsifu kwa ukali peke yake. Aliyekuwa na hofu kuliko sisi sote ni yeye, na ilianza mwaka ule wa mvua nyingi.

Swali la mwaka ule lilikuwa: andika insha kuhusu sauti usiyoipenda. Tulisoma kuhusu punda, jenereta, redio za majirani na mama wa kambo, mpaka masikio yakatuuma. Katika bunda moja kulikuwa na karatasi iliyopewa kumi na tatu kwa arobaini. Msahihishaji hakukosea, aliufuata mwongozo wa kutia alama. Insha haikuwa na aya, wala methali, wala nukta hata moja. Mama Nukta alianza kuisoma akiwa amesimama. Kisha akavuta kiti.

Mtoto yule aliandika kuhusu ukuta wa bweni lao. Mvua ikinyesha, ukuta unasaga meno. Mwanzo wa muhula ufa ulikuwa kama unywele, sasa unameza kalamu. Wanauziba kwa magazeti, wakiamka magazeti yako chini kwa sababu ufa umepanuka. Mlango ulikataa kufunga, fundi akaupiga randa, ukakataa tena, akaupiga tena. Upande wa ukuta wanalala kwa zamu, maana hakuna anayeutaka. Insha iliishia hapo: wiki hii ni zamu yangu.

Mwenzetu mmoja akasema mtoto ana kipaji cha kutunga. Mama Nukta akatikisa kichwa.

"Mtoto akitunga kitisho huleta jini," alisema. "Huyu kaleta randa."

Akaifuta ile kumi na tatu, akaandika ishirini na tisa, akatia sahihi. Alama za nukta alimnyima zote, za maudhui akampa zote, kwa kuwa mtoto alikuwa amemtia hofu mtu mzima bila kuliandika neno hofu. Kisha akauliza hiyo ni shule gani.

Karatasi zetu hazina majina, zina namba. Kuitafuta shule ya mtahiniwa ni kosa la kufukuzwa kazi. Watahiniwa wenyewe walikuwa wamekwisha kwenda makwao, lakini vitanda vya shule havikai vitupu; wadogo zao wa madarasa ya chini walikuwa wamehamia. Na mvua ilikuwa ikipiga mabati ya ukumbi kiasi cha kutulazimu kuinua sauti ndipo tusikilizane.

Mimi ndiye niliyemsindikiza kwa mkurugenzi wa mitihani. Mkurugenzi aliisoma insha, akaigeuza, akaisoma tena. Naye aliogopa, ila aliogopa kitu kingine.

"Ikijulikana tumefungua namba, mtihani mzima utafutwa," alisema. "Na kama ni hadithi tu, Mama?"

"Basi nitakuwa nimeogopa bure, na mtanicheka mpaka nistaafu. Nifukuze kesho. Leo piga simu."

Akaifungua namba, akapiga. Mwalimu mkuu wa shule ile alikasirika. Ukuta ulipigwa lipu likizo iliyopita, alisema, na ni nani aliyepeleka umbea? Mkurugenzi akamwomba jambo moja tu: aende bwenini na simu mkononi, ajaribu kuufunga mlango, maana ukuta ukihama fremu hupinda. Tulisikia nyayo zake kwenye maji. Tukasikia mlango ukigonga fremu, ukagonga tena. Haukufunga. Aliporudi kwenye simu, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Nawahamishia bwaloni," alisema. "Sasa hivi."

Siku zilizofuata tulisahihisha huku tumetega sikio. Mama Nukta kila mara aliuliza kama mvua imepungua, ilhali dirisha lilikuwa mbele yake. Kisha mchana mmoja, watoto wakiwa kwenye chakula, ukuta uliangukia ndani, juu ya vitanda. Hakuumia mtu. Mkurugenzi alipoleta habari tulishangilia. Mama Nukta alikaa sakafuni, mgongo kwenye kabati la karatasi.

Hakufukuzwa. Alipewa karipio la maandishi, na mwaka uliofuata mwongozo ukaongezewa alama za kile alichokiita kuona. Wengi walidhani aliipandisha insha ile kwa sababu ukuta ulianguka. Hilo lilimuudhi sana. Alama iliandikwa kabla, alikuwa akisema. Hata ukuta ungesimama mpaka kiama, ishirini na tisa ingebaki ishirini na tisa.

Toka hapo hakupona hofu ile. Aliyekuwa akimaliza bunda kabla ya chai akawa anasoma kila karatasi kama anayevuka mto asioujua kina. Niliwahi kumwambia aupumzishe moyo, watoto wale wako hai.

"Hao nawajua," alinijibu. "Nawaza karatasi nilizozisoma mbio kabla ya hapo."



Mama, ahsante. Umetuachia mwongozo ulio bora na kazi iliyo ngumu zaidi. Tunakuombea siha, wajukuu watundu na asubuhi ndefu zisizo na bunda linalokusubiri. Karatasi za mwaka huu zinafika Jumatatu, na nyuma yetu hakuna tena mtu wa kuzipitia. Tutaogopa. Tutazisoma polepole.