Mkaguzi wa Mizani na Madaftari Yake Kumi na Moja

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliovumilia jua hili kwa ajili yetu, familia inaomba masikio yenu kwa dakika chache, tumweleze mzee wetu alivyokuwa, maana yamesemwa mengi juu yake tangu mwaka 2008, na mengine yamesemwa leo hii asubuhi pale kwenye birika la chai, na mkewe ameyasikia.

Mzee wetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Bwana Mizani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, baba yake akiwa mbadilisha njia za treni na mama yake fundi cherehani, na mama huyo alikuwa akisema kwamba mtoto yule alijua kuhesabu mabehewa kabla hajajua kuomba maji. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1957 hadi 1964, akaendelea na sekondari hadi 1968, na tarehe 2 Februari 1970 akaajiriwa katika ofisi ya vipimo, mkaguzi wa mizani, kazi aliyoifanya miaka thelathini na minne bila kupendwa na muuza nyama hata mmoja.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi, kila mzani una namba iliyogongwa tumboni, na mkaguzi akiinama akaiona, lazima aandike namba, saa na mahali, hapohapo, kabla hajasalimiwa, kwa sababu bosi wake wa kwanza alimwambia, "Kijana, kichwa kinahongeka, daftari halihongeki," na maneno yale yakamkaa kwenye damu.

Tarehe 8 Mei 1976, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na mkewe huyu mnayemwona hapa mbele, ambaye hakuketi darasani hata siku moja, ila namba alizijua kwa kuuza vitambaa, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza muuguzi, wa pili fundi umeme, wa mwisho mwalimu, na nyumba yao ilikuwa ya kelele na vicheko hadi mzee alipostaafu mwezi Desemba 2004, akakaa mwaka na nusu kwenye kochi, akisoma namba za chini ya sufuria.

Mwezi Juni 2006 binti yao muuguzi, aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo katika mji wenye bandari ya jeshi, aliwaita wakapumzike kwake, na siku ya tatu, wakiwa wanatembea ufukweni, ndege ya kivita ikapita chini kabisa, mkewe akajitupa kwenye mchanga, na aliponyanyua uso alimkuta mumewe amesimama wima na penseli mkononi, uso umemnawiri kama bwana harusi. Tangu siku hiyo, na kila mwaka binti alipowaita tena, kila asubuhi mzee alisema, "Mama watoto, naenda kunyoosha miguu," akaondoka na daftari ndani ya koti na kurudi saa saba, pua imeungua, jibu lake likiwa moja tu, "Hewa ya huku nzuri."

Hapa familia inasema ukweli, maana aliyekosea ameagiza usemwe. Mkewe alimpekua, akakuta kurasa kwa kurasa za namba za tarakimu sita, sawasawa na simu za mezani za mji ule, na pembeni ya kila namba saa ya kufika, saa ya kuondoka na neno asiloweza kulisoma, akajua moja kwa moja kwamba hao ni wanawake, tena wengi, tena wana ratiba. Akapiga namba moja, akapokelewa na mtu mwenye kikohozi, akakata, na kuanzia hapo, likizo mbili mfululizo, akampakulia mumewe chakula bila kumtazama, naye mzee, aliyeona haya kusema kwamba mtu mzima na mvi zake anashinda kilimani akichungulia meli, akanyamaza.

Tarehe 19 Agosti 2008, siku ya Jumanne, mzee alikamatwa juu ya kilima akiwa na darubini, daftari na chupa ya maji, akiandika namba za manowari zilizokuwa zikitoka, na saa kumi jioni askari walifika kwa binti yao wakamchukua mkewe pia, wakawatenganisha, kila mmoja chumba chake, na mkalimani akamweleza mama kwamba kosa lile lina kifungo cha miaka kumi, na binti yao naye atafukuzwa nchini. Kisha ofisa mkubwa akaweka daftari mezani na kuuliza, "Mumeo anamwandikia nani haya?" Mama, aliyekuwa na donge la miaka miwili, akapasuka, "Mniulize mimi? Waulizeni hao wanawake zake! Huyo wa ukurasa wa kwanza nilimpigia mwenyewe, ana kifua!" Mkalimani akatafsiri, ofisa akavuta simu akapiga namba ile, akasikiliza, akasema ni duka la majeneza, na kwamba namba hiyo ni ya meli ya kufagia mabomu, mama akamjibu, "Meli gani inaandikiwa saa ya kuondoka kama mchumba?" na hapo ofisa akatoka nje kwenda kucheka.

Waliwaachia baada ya siku mbili, ofisa akiandika kwamba jasusi hawezi kuwa na mke wa namna ile, darubini ikabaki kwao, daftari likarudishwa.

Habari ilifika nyumbani kabla yao. Mtaani mazungumzo yalikatika mzee alipopita, kinyozi alimnyoa bila kumpigia soga, na vijana wawili wenye mashati yaliyopigwa pasi wakakaa mbele ya geti letu miaka miwili wakisoma gazeti moja. Hata mkewe, aliyemwokoa, hakupona, maana siku moja akifua alijiwa na wazo ambalo halikumtoka tena, kwamba jasusi mwenye akili ndiye hasa angeoa mwanamke asiyejua kusoma. Akaishi na wazo hilo miaka kumi na sita, kitanda kimoja, mto mmoja.

Mwaka 2019 mzee alianza kuugua figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na Oktoba 2024 alilazwa wodi namba nne, kitanda cha dirishani. Hapo ndipo mkewe alipomuuliza waziwazi, "Mzee, unaondoka, mimi nabaki na midomo ya watu, zile namba ulikuwa unampelekea nani?" Mzee akasema, "Miaka yote hii mmenipekua, mmenikamata, mmenilinda getini, hakuna hata mmoja aliyeniambia, hebu nisomee." Mama akamwambia, "Basi nisomee."

Binti wa mwisho akaleta madaftari yote kumi na moja, mzee akavaa miwani, akasoma, namba, saa, mahali, helikopta ya kijivu, meli ya mafuta, ndege ileile ya jana, mawingu, hakuna kitu, siku nne mfululizo, na mchana wa siku ya pili mkewe alikuwa amesinzia kwenye kiti, mdomo wazi, akiota vitambaa. Alipoamka alicheka hadi muuguzi wa wodi akaja kuangalia, kwa sababu alijua, kwa mara ya kwanza na kwa hakika, kwamba hakuna serikali duniani ingeweza kuvumilia kusikiliza mambo yale. Mzee alifariki Alhamisi, tarehe 7 Novemba 2024, saa tatu asubuhi, mkono wake ndani ya mkono usiokuwa na shaka naye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani waliopika na kutandika mikeka, wenzake wa ofisi ya vipimo, na wale vijana wa getini, kama wapo hapa, kwa kuwa miaka ile miwili hatukuibiwa hata ndoo. Mwenye shaka bado asinong'one kwenye birika, madaftari yako juu ya meza ile, aende asome, achukue na kiti, maana ni marefu.

Nenda ukapumzike, baba watoto, kwa amani tuliyochelewa kukupa.