Marehemu Ebenezer Ndahani wa Mkonze, Aliyepokea Wageni Akitembea

Mchungaji, mwenyekiti wa mtaa, ndugu, jamaa na majirani, familia inawashukuru kwa kuja, inawaomba wenye viti wakae na wasio na viti wavumilie, maana msiba huu ni wa siku tatu lakini uchovu wake ni wa mwaka mmoja na miezi minne, na anayesoma karatasi hii ni Thobias, mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yao, kwa sababu marehemu aliagiza hivyo akiwa na akili zake timamu, akasema, "Asome Thobias, sauti anayo, lakini Zipora aikague kwanza," na Zipora, mjane, ameikagua kwa kalamu nyekundu, kwa hiyo mtakachosikia ni kile kilichosalia.

Marehemu Ebenezer Ndahani alizaliwa tarehe 3 Juni 1958 huko Zuzu, akiwa mtoto wa pili kati ya sita wa mzee Ndahani na mama Paulina, ambao wote wametangulia mbele za haki, akazaliwa asubuhi treni ya mizigo ikipita, hata mkunga akahofia kwamba mtoto atakuwa kiziwi, kumbe masikio alikuwa nayo mazuri sana, alichokosa maisha yake yote ni haraka ya kujibu.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1967 pale pale Zuzu, akamaliza la saba mwaka 1973, na Thobias, ambaye yeye ng'ombe walimtoa shuleni akiwa la tano, amekuwa akitangaza kila penye watu kwamba kaka yake alikuwa wa kwanza wilaya nzima, mjane anasema alikuwa wa kumi na nne darasani, basi na isomwe hivyo, wa kumi na nne.

Mwaka 1979 aliingia reli kama kibarua wa genge la njia, kazi ya kukaza misumari na kushindilia kokoto juani, akaajiriwa rasmi tarehe 1 Julai 1981, akawa nyapara wa genge mwaka 1993, na masika ya mwaka 1998, maji yalipokula tuta kati ya Zuzu na Kigwe, ni yeye aliyevua shati akakimbia nalo kuisimamisha treni ya abiria, alikimbia kilomita kumi, samahani, imesahihishwa hapa, kilomita mbili, lakini treni ilisimama, na waliokuwamo walifika makwao bila kujua hata jina lake, akastaafu tarehe 3 Juni 2018 akahamia hapa Mkonze, kwenye nyumba aliyoijenga kwa miaka kumi na moja, tofali kwa tofali.

Alifunga ndoa takatifu na Zipora tarehe 20 Septemba 1986 kanisani Kibakwe, wakajaliwa watoto watatu, Aneth, Stanley na Evelina, na wajukuu watano, na katika ndoa hiyo ya karibu miaka thelathini na tisa hakuna aliyewahi kusikia sauti ya marehemu ikipanda, ya mjane tuliisikia, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyeruhusu hilo lisomwe.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alivuta sigara kuanzia mwaka alioingia reli hadi mwaka 2009, na familia inalisema wazi kwa faida ya vijana waliojificha kule nyuma ya tenti, kikohozi kilimwanza Septemba 2023, akanywa dawa za kifua bila nafuu, na tarehe 19 Februari 2024, katika hospitali moja hapa Dodoma, madaktari walimweleza kwamba ana saratani ya pafu la kulia, hawawezi kuiondoa kwa upasuaji, ila zipo dripu sita za dawa, moja kila baada ya wiki tatu, na mwili usipokuwa na nguvu ya kuipokea dripu, haupewi.

Hapo ndipo akakabidhiwa kwa mtaalamu wa mazoezi tiba, binti anaitwa Mwanahawa, yuko hapa mstari wa pili, aliyempa karatasi moja, kutembea dakika kumi asubuhi na dakika kumi jioni, kuketi na kuinuka kwenye kiti mara kumi bila kushika kitu, kunyanyua chupa mbili za maji, na kupuliza pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa kama anayepoza uji, akizidiwa pumzi apunguze mwendo, akipata homa, kizunguzungu au maumivu ya kifua aache na kupiga simu, na Thobias alipouliza, "Binti, kwa hiyo saratani tunaikimbiza kwa miguu?" alijibiwa, "Hapana baba, saratani inashughulikiwa na dawa, miguu kazi yake ni kumfikisha mgonjwa kwenye dawa," na marehemu akaikunja ile karatasi akaitia mfuko wa shati, akasema jambo moja tu, kwamba dripu ya sita anataka kuiendea kwa miguu yake, asibebwe.

Dripu ya kwanza aliipata tarehe 13 Machi 2024, ya pili tarehe 3 Aprili, ya tatu tarehe 24 Aprili, nywele zikaondoka, ugali wa uwele ukamshinda akahamia uji, lakini kila asubuhi alivaa raba zake nyeupe akatoka getini hadi tangi la maji na kurudi, na Thobias huku nyuma akasambaza habari vilabuni kwamba kaka yake anakimbia mpaka Zuzu na kurudi kabla ya chai.

Sasa inafuata sehemu ambayo kalamu nyekundu haikuigusa, ingawa Thobias alimwomba mjane aifute, akakataa, akasema, "Shemeji, hiyo utaisoma."

Tarehe 26 Aprili, sikukuu ya Muungano, walifika wageni kutoka Kibakwe, ndugu wa Zipora, wakiongozwa na mjomba wake, mzee Matonya, kuja kumjulia hali mgonjwa, na ninyi mnajua kwetu mgonjwa hujuliwa hali akiwa amelala, mgeni akaketi, akaulizwa ya nyumbani, mifugo na mvua, na mwenye nyumba hamwachi mgeni kitini akaenda zake, basi mzee Matonya akafika akamkuta mgonjwa mwenyewe yuko barabarani, anahema, mkewe yuko nyuma ameshika saa ya kumhesabia dakika, akamvuta Thobias pembeni, akasema, "Thobias mwanangu, huyu ni mgonjwa au ni kuruta? Mnamswaga kama punda wa maji, kesho akianguka mtasema ni Mungu?" na Thobias akaona haya mbele ya wakwe, na jioni ile akazichukua zile raba akazificha uvunguni mwa kitanda chake, akamwambia kaka yake, "Pumzika kidogo, wageni wakiondoka utaendelea."

Wageni walikaa siku tisa, wakaondoka wakaja wengine, nyumba haikukauka watu, kila aliyekuja aliketi, na kila aliyeketi alikuta mgonjwa amelala vizuri kama inavyotakiwa, wakamsifu Thobias kwamba sasa anamtunza kaka yake, naye akazipokea zile sifa, zikapita siku kumi na tisa, na tarehe 15 Mei walipofika hospitali marehemu alishindwa kufika kutoka getini hadi kwenye benchi, alisimama mara nne akishika ukuta, uzito umeshuka, mapaja yamekuwa kama mwiko, na daktari akasema dripu ya nne haitatolewa siku hiyo.

Mwanahawa aliuliza kwa upole, "Nani alisema apumzike?" Thobias akawahi kujibu kwamba ni baridi, upepo wa Mei umekuwa mkali sana Mkonze, na yule binti, anayekaa Dodoma hii hii na kupigwa na upepo huo huo, akamgeukia mgonjwa mwenyewe, ndipo marehemu akasema, "Usihangaike binti yangu, nilikuwa mvivu mwenyewe," na katika miaka sitini na saba ya Ebenezer Ndahani huo ndio uongo pekee ambao familia inaufahamu, na aliusema kwa ajili ya mdogo wake, hakuutaja tena, si njiani, si nyumbani, si hata siku alipozikuta raba zake mlangoni zimefutwa vumbi.

Alianza upya kwa dakika mbili, kesho yake mbili, wiki iliyofuata nne, Mwanahawa akimpigia simu kila Jumatatu, na kwa kuwa wageni hawakukoma marehemu akatoa amri iliyoushangaza mtaa, kwamba anayetaka kumjulia hali atamjulia hali njiani, hapewi mtu kiti mpaka wamefika kwenye tangi na kurudi, basi ndugu waombolezaji, hapo ndipo Thobias haongezi chumvi, mliohusika mpo, mama mmoja alitembea na kuku kwapani na chungu cha mlenda mkononi, mwalimu alikokota pikipiki yake akiwa ameizima, na balozi alipoona msafara umefika watu tisa akapaza sauti, "Ebenezer, wewe mgonjwa au mgombea udiwani?" akajibiwa kwa pumzi ya kukatakata, "Mgombea, na kura yako... naitaka mpaka kwenye tangi," hata mzee Matonya aliporudi mwezi Juni alitembea, akilalamika magoti, lakini alitembea.

Dripu ya nne ilitolewa tarehe 12 Juni, ya tano tarehe 3 Julai, na tarehe 24 Julai 2024 marehemu alishuka kwenye gari getini mwa hospitali, akakataa kiti cha magurudumu kwa kukisukuma pembeni taratibu, akaiendea dripu ya sita kwa miguu yake, Zipora kulia, Thobias nyuma, hakuna aliyemshika.

Uvimbe ulipungua, tukapata miezi sita mizuri, akalima bustani ya mchicha, Krismasi akala ugali, lakini mwishoni mwa Januari 2025 ugonjwa ulirudi na safari hii ulikuwa umefika kwenye mifupa, na Thobias alikwenda peke yake kwa daktari kumuuliza kama zile wiki nne za kuchelewa ndizo zilizomwibia kaka yake, daktari akasema hakuna anayeweza kujua, saratani ile ingeweza kurudi hata bila kuchelewa, na jibu hilo Thobias amelibeba tangu Februari, halina mahali pa kulishika wala pa kulitua.

Wiki za mwisho alitembea kutoka kitandani hadi dirishani tu, kisha akawa anaketi tu na kupuliza pumzi zake, na Jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake hapa Mkonze, akiwa na miaka sitini na saba na siku nane, mkono wake ukiwa mikononi mwa Zipora, hiyo pumzi aliyoipuliza haikufuatwa na nyingine.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa reli, kwaya, majirani wote waliotembea na wale walioleta maji ya kunywa njiani, na kwa namna ya pekee Mwanahawa, ambaye Thobias anamwambia leo mbele ya watu kile alichopaswa kumwambia tarehe 15 Mei mwaka jana, kwamba haikuwa baridi, binti, wala kaka hakuwa mvivu, nilikuwa mimi.

Tangazo la mwisho, wengi wenu mnamfahamu mzee Batholomeo wa nyuma ya shule, aliyeanza dripu zake mwezi uliopita na alikuwa akitembea na marehemu siku chache alizoweza, mzee huyu tangu Jumatano hajatoka nje kwa kuheshimu msiba, familia imekubaliana kwamba huo si msiba wa kuheshimiwa hivyo, kwa hiyo kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi, matanga yakiwa bado hayajaanuliwa, Thobias atamgongea mlango, na yeyote atakayekuja kutupa pole saa hiyo asishangae kukuta viti vitupu, atufuate barabarani, pole tutazipokea huko.

Kaka Ebenezer, mengine tutayabeba sisi, pumzika kwa amani.