Fundi Kina, Aliyeiombea Ardhi Mapumziko

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Kina, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1951, kitindamimba wa watoto sita, katika nyumba ile ile ya bondeni ambamo mauti yalimkuta. Chini ya nyumba palikuwa na chemchemi. Mama yake alipenda kusimulia kwamba uchungu ulimshika akiwa pale na ndoo mkononi, na kilio cha kwanza cha mtoto kikashindana na mlio wa maji. Tunaitaja chemchemi hiyo kwa kuwa vijana mliopo hapa hamkuijua. Ilikuwa pale penye gereji sasa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1966. Siku moja mwalimu alichora ubaoni bahari, wingu, mvua na mto, akaviunga kwa mishale. "Tone unalokunywa leo limewahi kuwa wingu, na kesho litakuwa bahari," akasema. "Maji hayapotei."

Marehemu akanyoosha mkono. "Hayapotei hata kidogo, Mwalimu?"

"Hata kidogo. Haya, kaa chini, usije ukapotea wewe."

Darasa zima likaangua kicheko. Yeye alikaa, lakini maneno yale aliyabeba maisha yake yote.

Mwaka 1970 aliajiriwa na kikosi cha wachimba visima, kazi yake kuosha mabomba. Kufikia 1982 alikuwa na mashine yake mwenyewe. Alikuwa na desturi moja iliyowashangaza wateja: kikombe cha kwanza cha maji hakumpa mtu, alikirudisha kisimani.

"Fundi, tumesubiri wiki nzima, halafu unayamwaga?"

"Simwagi, narudisha salamu."

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1975 na binti wa mzee mmoja aliyekuwa amechimbiwa kisima na kikosi kile. Binti alionja maji, akakunja uso: "Mbona yananuka kutu?" Fundi akaomba arudi kuyaangalia. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa, na wiki iliyofuata, hata kutu ilipokwisha, mpaka baba mkwe akamvuta pembeni: "Kijana, kisima umeshamaliza. Sema sasa unachimba nini." Ndoa hiyo ilijaliwa watoto watatu.

Miaka ikaenda. Kila ua ukataka kisima chake, na yeye akachimba. Msitu wa mlimani ukakatwa, kinamasi kilichokuwa kikinyonya mvua kama sifongo kikafukiwa, nyumba zikajengwa juu yake. Mvua zikawa za hasira: zinamwaga zote kwa siku moja, zinakimbilia mtoni na udongo wetu, kisha kimya. Mabomba yaliyokuwa yakifika kwenye maji yakabaki yananing'inia hewani. Watu wakamwita ayarefushe, naye akayarefusha. Mwaka 2009 chemchemi ya mama yake ikakauka. Alikaa pale kutwa nzima, ameshika tama, na aliporudi nyumbani hakugusa chakula.

Mwaka 2014 aliiacha kazi, akaita majirani. Aliwaomba jambo moja tu: wazime mashine za kuvuta maji kwa msimu mmoja wa mvua, wagawane maji ya bomba la barabarani, ili ardhi ipumzike na kunywa.

"Ala! Si wewe uliyetuchimbia?" jirani mmoja akamrukia. "Leo umeshiba, sisi tufunge midomo?"

"Ndiyo maana nakuja kuwaambia mimi, ndugu yangu."

Hakuna aliyempa sikio. Basi akaenda akaziba kisima chake mwenyewe kwa saruji. Mkewe alimtazama akimalizia kusawazisha. "Baba watoto, umetufunga sisi tu. Wao wanavuta."

"Najua. Lakini nitawaambiaje wazime, na changu kinanguruma?"

Tangu hapo mama huyu amekuwa akibeba madumu kutoka kwa jirani, maji ya ardhi ile ile ambayo mumewe alikataa kuyavuta.

Mwaka 2022 figo zake zilianza kushindwa, na daktari akampimia maji ya kunywa. "Daktari, mimi nimenywesha mji mzima," alimwambia. "Naam, mzee, lakini kikombe chako ni hiki." Alicheka, ndiyo, maana mzaha haukumwacha. Kilichomwacha ni tumaini. Jioni alisikiliza redio: huku ukame, kule mafuriko yamezoa watu na mifugo. Mjukuu wake wa kike akamuuliza, "Babu, si ulisema maji hayapotei?"

"Hayapotei, mama. Bahari imepata joto, mawingu yamebeba kupita kiasi. Maji yetu yamekwenda kuwazamisha wenzetu."

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, aliomba redio izimwe. Akatega sikio. "Bado wanavuta?" akauliza. Mkewe akamfunika vizuri, akamwambia, "Lala, baba watoto." Akalala, na hakuamka tena.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu wanne na dada yake mkubwa. Aliagiza kaburi lake lisisakafiwe, ili mvua ikija ipate pa kuingilia. Tutatii. Waliochimba jana wanasema udongo ulikuwa vumbi tupu mpaka chini, hata unyevu wa kushikamana kiganjani haukuwapo.

Tukinyamaza kidogo mtazisikia mashine, ng'ambo ya ukuta huu. Zinavuta hata sasa.

Apumzike kwa amani, yeye aliyeiombea ardhi mapumziko akanyimwa.