Kola za Daftari

Mbele yangu kwenye basi, fundi cherehani mmoja alikuwa amepakata kompyuta iliyokata roho, kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Jirani yake, kijana wa tai, alikuwa amejitangaza mtaalamu tangu kituo cha kwanza. Hakuna aliyemuuliza.

“Faili, mama, ni kama karatasi yenye jina. Folda ni jalada la kuwekea hizo karatasi. Sasa, vipimo vya wateja wako ulivitunzia nakala?”

“Nakala ndiyo nini, mwanangu?”

“Vitu vilevile, vimewekwa mahali pengine. Hiki kikifa, kile kinabaki.”

“Kumbe daftari langu la miaka kumi na tisa ndilo lilikuwa nakala! Mkwe wangu alipomaliza kuingiza vipimo humu, akasema daftari la nini tena, mama, tumeshakuwa wa kisasa. Nikachukua kurasa zake nikakatia mifano ya kola.”

Miaka kumi na tisa ya viuno vya watu, leo kola! Kijana akacheka mpaka tai ikapinda. Huruma nayo, nadhani, huja mtandao ukiwepo.

“Hilo kosa la wanaoanza, mama.”

“Na wewe nakala zako umeziweka wapi?”

“Kwenye flashi.” Akapigapiga begi lililobeba kompyuta yake. “Iko humu humu, pamoja na kompyuta, nisije nikaisahau.”

Basi likasimama. Mama akainuka, akalitazama lile begi kwa jicho la kazi.

“Basi shuka twende kibandani kwangu, mtaalamu, nikushonee zipu. Imeachia.”