Bastola ya Shemeji Marlys

Kila Jumanne asubuhi sisi wa benchi la nje ya karakana ya Orville, fundi bunduki wa mji wetu huku Oklahoma, tunakunywa kahawa yake ya bure na kubishana upuuzi. Jumanne hii tulikuwa na kazi ya maana. Mke wangu Marlys, bingwa wa akina mama wa klabu yetu miaka tisa mfululizo, Jumamosi iliyopita alidondosha magazini, kile kisanduku cha risasi, katikati ya shindano, mbele ya watu, na kombe likaenda kwa mama mwingine. Bastola yake ya zamani inabeba risasi nane tu, na ana baridi yabisi. Kila akibadili magazini kidole gumba kinamuuma kama kimebanwa na mlango. Alisema asipopata inayobeba nyingi zaidi, basi, anastaafu. Mimi nikamkimbilia Orville. Orville akatoa bastola tatu, zote za namna anayoipenda Marlys: nyundo imekwisha kuvutwa, kijiti cha usalama kinaizuia mpaka ukishushe, kifyatulio kazi yake ni kuiangusha tu. Moja ya risasi ishirini, moja ya kumi na saba, moja ya kumi na tatu. Marlys mwenyewe kakaa pembeni na kikombe chake.

— Ishirini! akasema Lori, aliyeendesha malori miaka arobaini. Hapo hakuna mjadala. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kinahusu nini na bastola? nikamuuliza.

— Magazini ndiyo kibaba, Hoyt. Fikiria!

Lori akanyoosha mkono kuichukua. Orville akamchapa kofi vidoleni.

— Tupu kwanza!

Hiyo ndiyo sheria ya benchi. Unatoa magazini, unafungua chemba inamokaa risasi, unaonyesha, wote tunasema "tupu." Ukisahau, unanunua donati.

— Donati juu ya Lori! akashangilia Jaji, refa mstaafu wa futiboli. Lakini nyie hamjui kitu. Kumi na saba ndiyo namba. Ishirini inakuwa nzito, mkono unachoka, na mkono mtupu haulambwi.

— Hautakuwa mtupu, utakuwa na bastola!

— Ndiyo maana haulambwi.

— Wewe Jaji, hebu acha. Mungu alimpa mtu vidole ishirini. Kwa nini? Kila kidole na risasi yake.

— Vya miguu pia?

— Vya miguu ndiyo akiba!

— Mjomba wangu, akasema Jaji akishusha sauti, aliniapia kwamba namba isiyogawanyika kwa mbili haikwami. Kumi na saba haigawanyiki. Ni sayansi.

— Kumi na tatu nayo haigawanyiki, akasema Orville.

— Ile ina mkosi. Hata hesabu inaiogopa.

Mimi nami nikaropoka. Nikasema ingefaa ya thelathini, atengenezewe magazini ndefu mpaka gotini, asibadili kabisa maisha yake yote. Wakanipigia makofi. Nilijiona mume wa maana kweli.

Hapo akafika Renata, dada wa posta, na vifurushi vya Orville. Hajawahi kufyatua risasi hata moja. Akazitazama zile bastola, akamtazama Marlys.

— Samahani, wazee. Hicho kijiti cha usalama si kinashushwa na kidole gumba?

— Ndiyo, akasema Orville.

— Sasa, gumba la mama linakifikia? Nauliza tu, maana glavu wanazonipa kazini zote ni za wanaume.

Lori akamtazama Jaji, Jaji akanitazama mimi. Miaka thelathini na minane mke wangu, na sijawahi kuutazama urefu wa gumba lake. Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

Marlys akaweka kikombe chini. Akainua ya ishirini, akatoa magazini, akatuonyesha chemba.

— Tupu, tukasema.

Gumba halikufika. Ya kumi na saba likafika nusu, akakunja uso. Ya kumi na tatu, yenye mpini mwembamba, kijiti kikashuka taratibu bila hata kugeuza mkono.

— Hii.

— Shemeji! akalia Lori. Risasi saba nzima unaziacha?

— Lori, raundi ya klabu yetu ni risasi ngapi?

— Ishirini na nne.

— Nikiwa na ishirini, nabadili magazini mara ngapi?

— Mara moja.

— Na kumi na tatu?

Lori akaanza kuhesabu kwa vidole. Jaji akamsaidia, vikawa vidole vya watu wawili.

— Mara... moja, shemeji.

— Kumbe mnajua. Orville, niwekee hii. Na mkamwambie yule mama aliyeazima kombe langu Jumamosi alipanguse vizuri, nakuja kulichukua.

Akaondoka kuelekea garini, mabega juu. Nikamkimbilia nyuma na mkoba wake, kifua mbele, utadhani bingwa ni mimi.