Bwana Alituokoa, Nasi Tukanyamaza

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana Sabato iliyopita nilisimama hapa hapa nikashuhudia nusu, nanyi mkanipa Amina nzima. Leo nimeleta nusu iliyobaki.

Mnanijua. Mimi ni mkunga, msimamizi wa wodi ya akina mama. Pia ni msomi, jambo ambalo huwa sisubiri kuulizwa. Chuo kikuu niliandika tasnifu nene kuhusu kwa nini wauguzi hawaripoti makosa yanayowagusa wagonjwa. Niliwahoji wenzangu, wakaniambia wanaogopa. Nikaandika kwa Kiingereza kirefu kwamba wanaogopa, nikavishwa joho, tukachinja mbuzi. Kisha nikarudi wodini, nikaogopa pamoja nao.

Ndugu zangu, niliwaambia kwamba Mungu alimwokoa mtoto mchanga. Ni kweli! Sikuwaambia alimwokoa na nini. Alimwokoa kutoka kwetu sisi. Mwenzangu Kerubo, mkunga hodari, alikuwa anataka kumdunga mtoto sindano ya vitamini. Kumbe amevuta dawa ya mama, ile ya kuzuia damu baada ya kuzaa, ambayo kwa mtoto ni sumu. Vichupa vinafanana, na vilikaa trei moja. Nilikiona kichupa cha mama kikiwa kitupu, nikamshika mkono sindano ikikaribia paja la mtoto. Tulikumbatiana, tukaomba kwa machozi.

"Gaki, tafadhali, sista, usiniandike kwenye ripoti," Kerubo akasema. "Wakinisimamisha kazi, watoto wangu watakula nini?"

Nikamwambia Bwana ameshamaliza. Wodini kwetu, ndugu zangu, mambo hufungwa hivyo: kwa Amina.

Sabato ile, mlipokuwa mkinipongeza mlangoni, mgeni mmoja kutoka Nyamache, mkunga kama mimi, alinivuta kando.

"Yule mtoto. Ni ile vitamini, sivyo?"

Nilishtuka. Sikuwa nimetaja sindano!

"Umejuaje?"

"Haki, hata sisi Mungu alituokoa hapo hapo!" Akacheka kwa furaha.

"Mliripoti?"

"Tumripoti nani, dada? Tulishukuru."

Ndugu zangu, hebu fikirini. Mungu anasimama kwenye shimo lilelile, Nyamache na huku Nyamira, akidaka watoto, nasi tunamwimbia bila hata kuweka jiwe pembeni! Na wodi nyingine je? Nilizunguka nyumba kama niliyepoteza funguo.

Jumatatu nilimwambia Kerubo kwanza, kisha nikaripoti. Nilianza na jina langu, kwa kuwa trei ile hupangwa kwa amri yangu. Kerubo alisema, "Na ni wewe uliyeniombea!" Akaondoka. Hajanisemesha tangu hapo. Sijui kamati ya hospitali itamfanya nini, wala itanifanya nini mimi. Simu ikilia naruka kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe. Lakini vichupa vimetenganishwa. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

Kisha nilimwendea mama wa mtoto, nikamweleza yote. Alimkaza mwanawe kifuani.

"Sista," akasema, "angekufa, mngeniambia?"

Ndugu zangu, tasnifu yangu yote haikuwa na jibu. Nikamwambia ukweli: sijui.

Namshukuru Mungu aliyenitoa katika ukimya wangu mtamu. Wauguzi na wakunga mlioketi humu, nawaona mkitazama sakafu. Mtumainini Bwana! Hakutuokoa ili tunyamaze. Baada ya ibada njooni tuketi pale nje, kila mmoja aseme alipookolewa, na ni nini kilichokuwa kinataka kuua.

Na Kerubo, nimekuona umeingia, umekaa karibu na mlango. Sikuombi uniamini mimi. Mwamini Mungu, dada yangu, uje tuketi. Nafasi ya kando yangu nimeiacha wazi.