Matanga ya Mtihani

Shikamooni mama zangu, na nyie wenzangu masalkheri. Nimeombwa niseme machache, nanyi mwanijua, machache siyawezi. Leo nitajaribu.

Mwaka jana nilipowaambia nakwenda Mombasa kufanya mtihani wa kuingia chuo cha biashara, mlinipikia pilau hapa hapa mtaani Barani. Mkanisomea dua, na wenzetu Wakristo wakaniombea kwa maombi yao. Mwanamke wa miaka thelathini na tisa, muuza misumari na mabati katika duka la watu, naagwa kama bi harusi. Nilifurahi mno. Sikujua kuwa pilau ile ndiyo itakayokuja kunikaba.

Ndugu zangu, nilianguka. Na nawaambia nilivyoanguka. Swali la nne lilinikatalia. Mimi dukani nimefunzwa kwamba mteja humwachi katikati ukamkimbilia mwingine, ni utovu wa adabu. Basi nikakaa na swali lile, nalibembeleza, naligeuza huku na huku, na saa inakwenda. Kuinua macho, msimamizi asema tuweke kalamu chini, na nyuma ya mteja wangu mmoja kuna foleni ya maswali ambayo hata sikuyaamkia. Haya, wewe uliye karibu na mlango, nimekuona. Cheka, umeruhusiwa.

Matokeo yalipotoka nikawaambia bado. Mlipouliza tena, nikasema bado. Mara ya tatu niliona haya kuwatazama usoni, nikaacha kuja. Kila Ijumaa kikundi chetu mkikutana hapa, mimi napita njia ya nyuma, nisisikie sauti zenu. Mchana nakula katika stoo ya duka, nimeketi juu ya mifuko ya saruji. Mamangu akipiga simu kutoka Kakuyuni namwambia nina wateja, nitampigia. Sina mteja, wala simpigii. Upweke ulinizidi hata nikawa naosha sahani yangu moja na kikombe changu kimoja, huku navizungumzisha kama wageni.

Na lililoniuma zaidi ni hili. Mtu akifiwa, mtaa mzima huja. Mikeka hutandikwa, watu huketi hata kama hawana la kusema. Akianguka mtihani, hukaa matanga peke yake, tena kwa kujificha. Nami nilikuwa nimefiwa, wallahi. Yule mwanamke niliyetaka kuwa alikuwa amekufa, na hakuna aliyejua ila mimi.

Chuo kikatangaza mtihani mwingine, mwisho wa kujiandikisha Jumamosi. Nikasema sirudi. Ukianguka mara moja watu watasema bahati mbaya, ukianguka mara mbili watasema ndivyo alivyo. Hayo niliyasema Jumatatu, nikayarudia Jumanne, nikayarudia Jumatano. Mtu aliyekata shauri kweli hajirudii hivyo.

Alhamisi alasiri nikasikia hodi. Alikuwa mmoja wetu, yuko hapa, kanikataza nisimtaje. Kwapani ana mkeka, mkononi ana sahani ya mahamri. Hakunisalimu. Alinipa pole ile anayopewa aliyefiwa.

"Makiwa."

Nikamwuliza nani amekufa.

"Sijui. Wewe ndiye uliyefunga mlango miezi mitatu."

Akatandika mkeka, akaketi. Hakuniuliza matokeo, wala hakuniambia kila jambo lina wakati wake. Alikaa tu, kama watu wakaavyo matangani, mahamri yanapoa. Nikalia. Nikamwambia yote, pilau na swali la nne na zile bado zangu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akainuka akakunja mkeka wake.

"Mwenzangu," akasema, "hata matanga huanuliwa, watu wakarudi kazini. Mtihani urudie au usirudie, hilo ni lako. Lakini kesho uje."

Nikaja. Nikawaambia ukweli. Kumbe mlikuwa mwajua siku zote, maana aliyepita hajifichi. Mlinisogezea nafasi yangu pale pale nikaapo siku zote, mkaendelea na mazungumzo yenu. Hapo ndipo nilipojua kuwa mtihani wenyewe sikuuogopa hivyo. Niliogopa nyuso zenu. Jumamosi asubuhi nikajiandikisha.

Nawashukuru nyote. Na wewe wa mkeka, Mungu akuweke. Nilichojifunza ni kwamba aibu hunona ikifungiwa ndani. Ukimkosa mwenzio Ijumaa mbili, usingoje aseme ana nini. Nenda ukaketi naye.

Mtihani ni Jumanne. Nimejizoeza: swali likinikatalia nalitaka radhi, naliambia bibi ngoja kidogo, nihudumie wengine kisha nirudi. Sijui kama nitapita. Usiku wa kuamkia Jumanne nitakuwa peke yangu tena, na naogopa, sitawaficha.

Pilau safari hii msinipikie. Matokeo yakitoka nitawaambia siku hiyo hiyo. Nikipita, njooni. Nikianguka, njooni mapema zaidi, na mkeka msisahau, wangu mimi ni mdogo, watutosha wawili tu.